Kupanua tundu la milimita 32 liwe 54 kwa holsoo: kisa cha milango 11 ya mninga

Usuli

Nyumba ya wageni katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania ilikuwa na vyumba 11, kila kimoja na mlango wa mninga mtupu wenye unene wa milimita 40. Vitasa vilivyokuwapo ni vile vya kubandika: boksi limefungwa kwa skrubu upande wa chumbani, na silinda ya ufunguo inapenya kutoka nje kupitia tundu la milimita 32. Kitasa cha aina hiyo hujifunga chenyewe mlango ukisukumwa, kwa hiyo wageni walikuwa wakijifungia nje usiku na ufunguo uko mezani. Mwenye nyumba akaamua kuviondoa vyote na kuweka vitasa vya mviringo vya kuzungusha.

Karatasi ya vipimo iliyokuja na vitasa vipya ilitaka tundu la milimita 54 katika uso wa mlango, tundu la milimita 25 kutoka ukingoni kwa ajili ya ulimi, na kitovu cha tundu kubwa kiwe milimita 60 au 70 kutoka ukingo. Unene wa mlango unaokubalika ni milimita 35 hadi 45. Sahani ya kitasa, yaani ile duara inayofunika tundu, ilikuwa na kipenyo cha milimita 66. Hesabu yake ni fupi na ndiyo iliyotawala kazi nzima: sahani inafunika milimita 6 tu nje ya tundu kila upande. Jeraha lolote linalovuka hapo mgeni ataliona.

Vifaa vya mafundi wawili waliopewa kazi vilikuwa drili ya umeme ya milimita 13 yenye gia mbili, holsoo (msumeno wa umbo la kikombe unaokata tundu la duara) ya meno ya chuma kigumu ya kipenyo cha milimita 54 yenye kina cha milimita 38, biti yake ya kati ya robo inchi, klampu nne, patasi, tupa ya mbao na skwea.

Kilichotokea kwenye milango miwili ya kwanza

Mlango wa kwanza ulikatwa kwa mkono mtupu. Holsoo iliwekwa juu ya tundu la zamani, ikalinganishwa kwa jicho, drili ikawashwa. Biti ya kati ilikuwa ikizunguka hewani, kwa sababu pale ambapo ingeuma mbao palikuwa na tundu. Jino la kwanza lililogusa mninga liliisukuma holsoo pembeni, nayo ikatembea juu ya mlango na kuacha mkwaruzo wa nusu mwezi uliofika milimita 9 nje ya mstari uliochorwa. Drili ikavuta kiwiko cha fundi. Walijaribu tena kwa kuizungusha kinyume ili meno yachore mfereji kwanza, kisha wakate kwa mzunguko wa kawaida. Mfereji ulichorwa, lakini haukuwa na kina cha kuizuia holsoo, na mara ya pili ilitoka tena. Mlango huo ukawekwa kando.

Mlango wa pili ulichomekwa kizibo. Kilichongwa kwa panga kutoka kipande cha msonobari, kikagongwa kwa nyundo hadi kikakaa, bila gundi. Biti ya kati ilipata pa kuuma na mkato ulianza vizuri. Mashine ilipofika kama milimita 15 ndani, biti ilikwama kwenye msonobari laini, kizibo kizima kikaanza kuzunguka pamoja nayo, na tangu hapo kitovu hakikuwa kitovu tena. Tundu lilitoka na umbo la yai: milimita 54 kwa upande mmoja, 57 kwa upande mwingine. Kwa bahati kosa hilo lilibaki ndani ya eneo la sahani.

Hapo kazi ikasimamishwa. Uamuzi huo, kwa maoni yetu, ndio uliookoa milango tisa iliyobaki, kwani mazoea ya karakana nyingi ni kuendelea kwa matumaini kwamba mkono utazoea. Mkono hauzoei jambo hili.

Kwa nini holsoo hutoroka

Holsoo haina chochote cha kujishikilia isipokuwa biti ya kati. Meno yake yako kwenye duara jembamba, na yanapogusa mbao hayagusi yote kwa wakati mmoja: daima kuna moja linalotangulia, ama kwa sababu mashine imeinama nusu digrii, ama kwa sababu mbao ina nyuzi ngumu upande mmoja. Jino hilo linavuta mashine upande wake. Biti ya kati ikiwa ndani ya mbao, nguvu hiyo inaishia kwenye biti. Biti ikiwa hewani, nguvu yote inamalizikia kwenye mikono, na kwa kipenyo cha milimita 54 mikono hushindwa.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kupanua tundu ni hili: nini kitashika kitovu badala ya mbao iliyokwisha kutolewa? Kitu hicho ama kiko ndani ya duara, ama kiko nje yake. Uimara wa mkono na ubora wa holsoo vinafuata baadaye.

Njia zilizofikiriwa

Kuweka holsoo mbili kwenye mhimili mmoja (fimbo inayoshika holsoo na kuingia kwenye drili), ndogo ya 32 mbele na kubwa ya 54 nyuma yake, ili ndogo iingie kwenye tundu la zamani na kuongoza kubwa. Njia hii ni nzuri na ya haraka pale inapowezekana. Hapa ilikataliwa kwa sababu mbili. Uzi wa mhimili waliokuwa nao ulikuwa mfupi: ukishakaza holsoo ya kwanza, hakibaki uzi wa kutosha wa kukaza ya pili, na ile misumari miwili ya mhimili inayoingia mgongoni mwa holsoo haifiki. Kuna mihimili maalumu ya kazi hii, ila haikupatikana mjini. Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, ilionyesha kwamba matundu mengi hayakuwa 32 halisi. Fundi aliyetangulia aliyapanua kwa patasi ili silinda ipite, mengine yakafika 35. Holsoo ndogo ingecheza ndani yake, na mwongozo unaocheza unakupa kosa huku ukiamini uko salama.

Kupanua kwa tupa na msasa. Hii inafaa pale tofauti ya kipenyo ni milimita 2 au 3, na kwa kweli pale ndiyo njia bora, kwa sababu holsoo ingekuwa inakata nusu mbao nusu hewa. Kutoka 32 kwenda 54 ni kuondoa milimita 11 za mninga kuzunguka pande zote, kwa kina cha 40, mara tisa. Haikufaa.

Kigezo cha plaiwudi: ubao wenye tundu la 54 unaobanwa juu ya mlango, holsoo inaingia humo bila biti ya kati, na ukuta wa kigezo ndio unaoizuia isitembee.

Kizibo cha mbao ngumu kilichogundishwa, ambacho kinaifanya sehemu hiyo ya mlango iwe kama haikuwahi kutobolewa.

Wakachagua mbili za mwisho, na kuzigawa kwa kipimo. Milango yote tisa ilipimwa kutoka ukingo hadi ukuta wa karibu wa tundu, kisha ikaongezwa nusu kipenyo. Milango sita ilitoa takribani 60, yaani kitovu cha zamani na kipya ni kimoja. Hiyo ikaenda kwa kigezo. Milango mitatu ilitoa 50, maana yake kitovu kipya kinapaswa kuhama milimita 10. Hiyo ikaenda kwa kizibo.

Kabla ya kuamua kuhamisha kitovu kuna hesabu ya lazima. Toa nusu kipenyo cha zamani kwenye nusu kipenyo kipya: 27 toa 16 ni 11. Hicho ndicho kikomo. Ukihamisha kwa 10, tundu la zamani bado limo ndani ya jipya, lakini upande mmoja linabaki na milimita 1 tu. Ukihamisha kwa 12, ukingo wa tundu la zamani utabaki nje kama mwezi mwembamba.

Kazi kwa kigezo

Kigezo kilitengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 12. Unene huo haukuchaguliwa kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Holsoo ina kina cha 38. Ukitoa 12 za kigezo zinabaki 26 za kuingia kwenye mlango. Kukata kutoka pande zote mbili kunatoa 52, mlango una 40, basi mikato inakutana katikati na ziada. Kwa plaiwudi ya milimita 18 zingebaki 20 kila upande, jumla 40 kamili, na ukamilifu wa namna hiyo kwenye karatasi huwa ni upungufu kwenye mbao: unaishia na ngozi nyembamba katikati inayobidi kuvunjwa kwa patasi.

Tundu la kigezo lilikatwa kwa holsoo ileile, na biti ya kati ikiwamo, kwenye plaiwudi isiyo na tundu. Kwenye ukingo wa kigezo ulifungwa ubao wa kuegemea, unaoshuka na kugusa ukingo wa mlango, ili kitovu kikae milimita 60 kila mara bila kupima upya. Mistari miwili ya msalaba ilichorwa juu ya kigezo ikipita kwenye kitovu, na mstari wa urefu ukachorwa kwa skwea kuzunguka uso, ukingo na uso wa pili wa kila mlango.

Mlango wa tatu ulikatwa hivyo. Mkato ulikuwa safi pande zote, bila mkwaruzo hata mmoja. Ila kidole kilipopitishwa ndani ya tundu kiligusa ngazi katikati, ya zaidi kidogo ya milimita 1, pale mikato miwili ilipokutana. Kigezo kilikuwa kilekile na ubao wa kuegemea ulikuwa uleule, kwa hiyo ngazi hiyo iliwashangaza.

Chanzo kilikuwa mteremko wa ukingo wa mlango. Mlango uliotengenezwa vizuri haukatwi wima kabisa ukingoni. Hupigwa randa kwa mteremko wa takribani digrii 3 ili upande unaotangulia kuingia kwenye fremu usikwaruze. Kwa unene wa milimita 40, digrii 3 ni tofauti ya milimita 2 kati ya uso mmoja na mwingine. Ubao wa kuegemea ulikuwa na kina cha milimita 15 tu, hivyo kwenye uso mpana uligusa kona iliyochomoza, na kwenye uso mwembamba uligusa sehemu iliyorudi ndani. Kila upande ukapimwa kutoka mahali pake.

Dawa ilikuwa kubadili ubao wa kuegemea uwe na kina cha milimita 40, sawa na unene wote wa mlango, na kuhakikisha kwa skwea kwamba umesimama wima na kigezo. Ubao wa kina hicho hugusa kona ileile iliyochomoza, uwe unakata upande wowote. Kuanzia mlango wa nne ngazi haikuonekana tena. Kwenye mlango wa tatu ilisawazishwa kwa tupa ya mgongo wa duara.

Utaratibu uliofuatwa kwa milango mitano iliyobaki ulikuwa huu. Mlango hauondolewi kwenye bawaba, bali unagongewa kabari chini pande zote mbili usicheze. Boksi la zamani na silinda vinatolewa. Kigezo kinabanwa kwa klampu mbili, moja juu na moja chini ya tundu, na mistari ya msalaba inalinganishwa na mstari wa urefu. Biti ya kati inatolewa kabisa kwenye mhimili. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuiacha, ikapiga ukuta wa tundu la zamani na kuitikisa mashine. Drili inawekwa gia ya chini, kipini cha pembeni kinafungwa, na mzunguko wa kwanza unafanywa polepole hadi mfereji uonekane kote. Kisha kasi inapandishwa hadi kama mizunguko 400 au 500 kwa dakika, isizidi. Kila baada ya milimita 5 au 6 holsoo inatolewa na vumbi linapulizwa. Upande wa kwanza unaishia kama milimita 22, kigezo kinahamishiwa upande wa pili, na pete ya mbao inatoka.

Juu ya kasi inafaa kusisitiza. Drili ya kawaida ikiachwa gia ya juu hufika mizunguko zaidi ya 2500 kwa dakika, na meno yaliyo kwenye duara la milimita 54 hukimbia zaidi ya mita 420 kila dakika. Mninga huanza kutoa moshi, utomvu hujaza nafasi kati ya meno, na holsoo inaacha kukata na kubaki kusugua. Fundi akiona haiendi huongeza nguvu ya kusukuma, na meno yanakufa papo hapo. Vumbi la mninga nalo huwawasha baadhi ya watu pua na ngozi. Barakoa si ya hiari.

Udhaifu wa kigezo ulijitokeza kwenye mlango wa sita. Meno ya holsoo yametanuka kidogo kuliko mwili wake, hivyo kila inapozunguka ndani ya kigezo hukitafuna. Baada ya milango minne, yaani mikato minane, tundu la kigezo lilikuwa limepanuka kiasi cha holsoo kuanza kucheza. Kigezo kipya kilikatwa kabla ya mlango wa saba. Ni kipande cha plaiwudi cha bei ndogo, na hakuna sababu ya kukionea huruma.

Kazi kwa kizibo

Milango mitatu yenye kitovu cha kuhama isingefaa kwa kigezo peke yake. Upande mmoja holsoo ingekutana na ukuta wa milimita 1 na upande wa pili na mbao nene ya milimita 21, na mzigo usio sawa namna hiyo hukitafuna kigezo haraka na kuiinamisha mashine.

Vizibo vilikatwa kutoka mabaki ya mninga kwa holsoo ya milimita 38. Mkato wa holsoo una upana wa karibu milimita 3, basi kiini kinachobaki ndani ya holsoo ya 38 kina kipenyo cha kama 32. Lazima kujaribu kwanza kwenye kipande cha taka, kwa sababu holsoo za viwanda tofauti hazina unene sawa wa meno. Kizibo kikiwa kinene, hupunguzwa kwa msasa. Kikiwa chembamba, zungushia ukanda wa karatasi ngumu uliopakwa gundi. Matundu haya matatu hayakuwa yamechezewa kwa patasi, na vizibo vilikaza kwa kugonga kidogo.

Gundi nyeupe ya mbao ilipakwa kwenye kizibo na ukutani, ikaachwa usiku mzima. Asubuhi nyuso zilisawazishwa kwa patasi, kitovu kipya kikapimwa milimita 60 na kupigwa alama kwa msumari. Kitundu cha biti kilichobaki katikati ya kizibo hakikusumbua, kwa kuwa kitovu kipya kiko milimita 10 pembeni yake. Laiti uhamisho ungekuwa wa milimita 3 au 4, biti ingeteleza na kuingia humo. Ingebidi kukiziba kwanza kwa kijiti chenye gundi.

Hapo holsoo ilirudishiwa biti yake ya kati na kukata kama kwenye mlango mpya: upande mmoja hadi ncha ya biti ichungulie upande wa pili, kisha kugeuza na kumalizia kwa kufuata kitundu hicho. Kiini kilitoka kizima, kizibo kikiwa kimeshikana na pete ya mninga.

Matokeo

Milango tisa ilitoka safi. Tundu la ulimi la milimita 25 lilitobolewa kutoka ukingoni katikati ya unene, baada ya tundu kubwa kukamilika, nalo halikuleta shida. Matundu ya skrubu za maboksi ya zamani, ambayo sahani haiyafuniki, yalizibwa kwa vijiti vya mninga na gundi upande wa chumbani.

Mlango wa pili, wenye tundu la yai, ulirekebishwa kwa kugundisha kipande chembamba cha mbao upande uliopanuka, ili kitasa kisipate nafasi ya kujisogeza kila kinapozungushwa. Mlango wa kwanza uliokolewa kwa mabamba mawili ya duara ya chuma kisichoshika kutu, kipenyo milimita 90, unene milimita 1, yaliyowekwa chini ya sahani ndani na nje. Unene wa jumla ukawa 42, bado ndani ya kikomo cha kitasa. Mabamba hayo yaligharimu fedha ambayo ingetosha plaiwudi ya vigezo kwa milango yote.

Uchambuzi

Kosa la kwanza halikuwa la mikono. Mafundi walikuwa na uzoefu wa holsoo kwenye mbao mpya, ambako biti ya kati hufanya kazi yake kimya hadi mtu husahau kuwa ipo. Uzoefu huo uliwaambia kwamba holsoo hukata duara kwa asili yake.

Kizibo cha mlango wa pili kilikuwa wazo sahihi lililotekelezwa vibaya kwa mambo matatu: mbao laini kuliko mlango, umbo lisilo duara, na ukosefu wa gundi. Hilo la tatu ndilo lililoharibu. Holsoo yenyewe haigusi kizibo, hukata nje yake. Kinachokigusa ni biti ya kati pekee, na biti ikikaza kidogo tu, kizibo kisichoshikwa huzunguka. Haraka ikizidi na gundi haina muda wa kukauka, afadhali kutumia kisahani cha plaiwudi cha milimita 45 kilichofungwa kwa skrubu fupi kwenye pete ya mbao itakayoondolewa. Kinaingia ndani ya holsoo bila kugusa meno, na skrubu zake zinatoka pamoja na pete.

Kupima milango yote kabla ya kuendelea ndiko kulikofichua vitovu vya 50. Kama kigezo kingetumika kwa kudhani milango ni sawa, mitatu hiyo ingekatwa kwa shida ileile ya mlango wa kwanza, safari hii na kigezo kikiwa kimebanwa juu yake.

Ngazi ya mlango wa tatu ingeweza kugunduliwa mapema kwa kuweka skwea kwenye ukingo, kazi ya nusu dakika. Mteremko wa ukingo unahusu kila kazi ya kitasa inayokatwa kutoka pande mbili, si ya kupanua tu.

Mahali ambapo njia hizi hazifai

Milango miepesi ya plaiwudi yenye uwazi ndani ina kipande cha mbao ngumu upande mmoja tu wa kufungia kitasa. Nje ya kipande hicho kizibo hakina cha kushikana nacho, na kigezo lazima kibanwe kwa nguvu ndogo isije ikabonyeza ngozi ya mlango.

Kwenye karo la chuma kisichoshika kutu, mathalani kutoka milimita 28 kwenda 35 kwa ajili ya bomba la kuchanganya maji, holsoo si chaguo la kwanza. Biti ya ngazi, yaani biti ya umbo la koni ambayo kipenyo chake hupanda hatua kwa hatua, hujiongoza yenyewe kwa tundu lililopo na hukata bati jembamba bila kutembea. Ikilazimu holsoo, bati libanwe kati ya mbao mbili ili biti ya kati ipate pa kuuma, mafuta yatumike, na kasi ishuke sana: kwa chuma cha kawaida na kipenyo cha 54, mizunguko 150 hadi 180 kwa dakika inatosha, na kwa chuma kisichoshika kutu nusu ya hapo.